Shura Mikononi

Habari hizi nilipewa na Verbena Tolliver mwenyewe, mwaka ule mto Missouri ulipopanda mpaka ngazi za kanisa letu, sisi wawili tukiwa ghorofani tunakamua mablanketi ya watu waliofurikiwa. Alikuwa keshakuwa mtu mzima, kichwa cheupe pe. Sikumwuliza kitu. Alishika ncha moja ya blanketi, mimi nimeshika nyingine, tukasokota, na maji yalipoanza kudondoka naye akaanza kusema. Blanketi la mwisho lilipokwisha, naye alikuwa amemaliza.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka wa hamsini na mbili, na Verbena alikuwa akitoka kiwandani na paja la nguruwe tumboni.

Kazi yake ilikuwa kufunga nyama kwenye karatasi, katika kiwanda kimojawapo cha vile vya chini kule kwenye machinjio. Walinzi wa lango walipekua vikapu vya chakula, walipapasa makoti ya wanaume mpaka kwapani, lakini mwanamke mwenye mimba hawakumgusa. Waliona haya. Wanawake wa chumba cha kufungia walilijua hilo, na kila mwaka Krismasi ilipokaribia mimba ziliongezeka. Verbena alikuwa hajazaa hata mara moja, na ndoa yake ilikuwa ya siku nyingi. Tangu majira ya joto yalipokwisha alikuwa akijifunga vitambaa tumboni, kila wiki anaongeza kidogo, ili siku ya nyama isionekane kuwa mimba imeota usiku mmoja.

"Tumbo limeshuka, mama," mlinzi alimwambia. Ni mzee mmoja aitwaye Dolan, mwenye mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kupigwa makofi. "Huyo ni wa kiume."

"Tutashukuru chochote, Bwana Dolan."

"Mke wangu kazaa saba, najua ninachosema. Kula maini. Na yule msimamizi wako nimemwambia asikusimamishe kutwa, mtu na hali yake." Akamfungulia kijilango cha pembeni asije akabanwa na watu.

Verbena akashukuru, akapita kwa hatua za mjamzito, mkono kiunoni. Maji baridi ya nyama yalikuwa yanachuruzika kwenye paja lake mpaka ndani ya kiatu.

Nyumbani mumewe alimsikia kwenye ngazi, akafungua mlango kabla hajabisha.

"Mama! Mtoto kaja!"

"Ana uzito gani?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Mkubwa huyu! Kafanana na baba yake miguu."

Wakacheka wote watatu, na Verbena akacheka kuliko wao, maana mwanamke asiyezaa hujifunza kuwahi kucheka. Cleotis Tolliver alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, mpole wa mikono na mwepesi wa mdomo, na kazi yake ilikuwa kuosha mabehewa kwenye yadi ya reli. Mama yake, Bibi Ludie, alikuja naye kutoka Mississippi, na katika yote aliyoyaacha kule alichokililia ni kimoja tu: nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa mkono wake mwenyewe. Ya dukani aliiita matambara.

Paja likawekwa mezani. Verbena akavua koti, akakunja mikono ya gauni asaidie. Bibi Ludie akamtazama.

"Verbena. Uko mwezini?"

"Niko, mama."

"Basi rudi nyuma. Rudi kabisa, mpaka dirishani. Mwanamke wa mwezini akiitia mkono, nyama inaoza mfupani."

"Mama, mimi kutwa kiwandani nashika nyama, niwe mwezini nisiwe."

"Ndiyo maana ya kiwandani haina ladha. Cleotis, nawa uje."

Kunawa kwenyewe hakukuwezekana, maana bomba lilikuwa limeganda. Pruitt, mkusanya kodi aliyekaa chini ya ngazi, alikuwa amezima moto wa kupasha joto jengo zima ili kuwakomoa wapangaji walionung'unika. Juzi yake tu Cleotis alikuwa amesimama kwenye ngazi akampigia kelele watu wote wakisikia: "Pruitt, ipo siku utaokotwa umekauka kama panya!" Basi akajifuta kwa kitambaa, akaingiza mikono mitupu ndani ya bakuli la dawa ya nyama. Mlikuwa na chumvi, sukari guru, na shura, ile chumvi nyeupe ya baridi inayofanya nyama ibaki nyekundu. Shura Bibi Ludie hakuipima kwa kijiko. Aliimwaga kwa imani.

"Sukuma kwenye mfupa, mwanangu. Kuoza huanzia mfupani."

"Inachoma, mama. Mikono yangu imepasuka yote kwa maji ya yadi."

"Iache ichome. Sukuma."

Cleotis akasukuma, akasugua, mpaka ile nyeupe ikamwingia katika kila ufa wa kiganja. Verbena alisimama dirishani, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa. Walipokuwa katika hali hiyo ukasikika mshindo uani, mmoja, mkavu. Bibi Ludie akasema ni gari la mtu. Paja likalazwa ndani ya kasha, likasukumwa chini ya kitanda. Cleotis akajifuta tena kwa kile kitambaa, wakala, wakalala.

Asubuhi ya Jumapili Pruitt aliokotwa uani, ana risasi shingoni. Aliyempiga hajulikani hata leo.

Polisi walipopanda ngazi hawakuhitaji kuuliza mengi, maneno ya Cleotis walikuwa wamekwisha kupewa na kila mlango. Aliyeingia mbele alikuwa sajini aitwaye Brannock, mtu mnene aliyevaa kofia ndani ya nyumba ya watu.

"Kijana, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, bwana. Na mke wangu na mama yangu."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

Ni swali dogo, la mtu yeyote kumwuliza mwenzake. Lakini macho ya Verbena yakakimbilia kitandani kabla hajayashika. Wizi wa kiwandani ulikuwa na kifungo chake, na mwaka uliopita mwanamke mmoja wa chumba kilekile alifungwa kwa soseji tu.

"Tulikuwa tunasali," alisema Verbena.

"Jumamosi?"

"Sisi husali siku zote, bwana."

Sajini akaketi kwenye kitanda. Kikalalamika. Visigino vyake viligusa kasha. Akatazama picha ya Yesu ukutani, akatazama bakuli lililokuwa kwenye sinki, akacheka puani. "Haya, mshukuruni Mungu, siku hizi hatupigi watu ovyo. Siku hizi tuna mtu wa maabara. Vaa koti, kijana. Na mkono usiutie mfukoni, nakuona."

Kituoni walimkalisha Verbena kwenye benchi la ukumbini, na mlango wa chumba alichopelekwa mumewe sajini akauacha wazi makusudi. Alitaka mke aone, na mume aone kwamba mke anaona.

Mtu wa maabara aliitwa Ostrander. Alikuwa kijana msafi, mwenye koti jeupe na kucha zilizokatwa vizuri, na jambo la kwanza alilolifanya ni kumwita Cleotis "Bwana Tolliver." Verbena aliniambia kwamba katika mji ule hakuwa amewahi kusikia mzungu akimwita mumewe bwana, na moyo wake ulilegea kidogo. Alidhani huyu atawaokoa.

"Bwana Tolliver, nitakupaka nta ya moto mikononi. Haitakuunguza. Mtu akipiga bunduki, moshi wa baruti humwingia kwenye ngozi, na nta huutoa. Nikitia dawa yangu juu ya nta, palipo na baruti patageuka buluu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana. Mimi bunduki sijashika."

"Vizuri. Basi huna la kuogopa. Lakini kwanza nakuuliza. Jana ulishika mbolea?"

"Hapana, bwana."

"Unavuta tumbaku? Umewasha viberiti?"

"Sivuti."

"Na nyama? Umeshughulika na nyama, kuitia chumvi, kuikausha, kitu kama hicho?"

Cleotis akainua kichwa. Kwenye benchi Verbena alilisikia swali hilo. Wanajua habari ya paja! Nani amesema? Dolan? Jirani wa chini aliyesikia kicheko? Kumbe haya ya Pruitt ni kisingizio, wamekuja kwa ajili yake yeye, na sasa wanamzungusha mumewe ili amtaje mkewe kwa kinywa chake. Cleotis alimtazama kupitia mlango ule ulioachwa wazi. Hakumwuliza kwa mdomo, lakini alimwuliza.

Verbena akatikisa kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi.

"Hapana, bwana," akasema Cleotis.

"Una hakika? Ni muhimu."

"Nyama mimi naijulia sahanini tu."

Sajini Brannock akacheka, na Ostrander naye akatabasamu kwa adabu. Kisha akaipaka nta kwa brashi, tabaka juu ya tabaka na shashi katikati, ikaganda, akaichambua ikatoka kama glavu mbili nyeupe. Akaigeuza ndani nje, akaidondoshea dawa. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha likatokea doa la buluu, kisha jingine, kisha mikono yote miwili ya nta ikajaa buluu, kama mbingu ya usiku wa baridi inavyojaa nyota. Hata Ostrander alishangaa, akasema hajapata kuona mengi kiasi kile.

"Unaona?" sajini alimwambia Cleotis, kwa upole kabisa. "Mimi ningeweza kukuchukia. Sayansi haimchukii mtu. Mikono yako mwenyewe ndiyo imesema."

Cleotis aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama anayerudishiwa kitu alichoazimisha na kukikuta kimevunjika.

Walipokuwa peke yao nyumbani Verbena alimweleza Bibi Ludie swali la nyama. Mama mkwe akapiga magoti, akavuta kasha kutoka chini ya kitanda.

"Watarudi kupekua. Wakirudi wasikute hata mfupa. Mwanangu keshakamatwa, siwezi kufungiwa na mkwe. Nani atanifungia viatu?"

"Tuitupe mtoni, mama."

"Chakula situpi."

Wakaiosha nyama kwa theluji iliyoyeyushwa ili chumvi itoke, wakaichemsha. Siku ya pili wanawake wa kanisa walikuja kuwapa pole, na desturi haikubali mtu aliyekuja na machozi aondoke na njaa. Sahani zikapita. Nyama ilikuwa bado changa, chumvi haijakolea, lakini ilikuwa nyekundu hadi ndani na kila mmoja aliisifu.

"Bibi Ludie, mwaka huu wa shida umeitoa wapi hii?" aliuliza dada mmoja wa kwaya, akijilamba kidole.

"Kula, mwanangu. Usiulize nguruwe alikuwa wa nani."

Wakala, wakaomba, wakaimba kidogo, wakala tena. Bibi Ludie akauchoma mfupa kwenye jiko mpaka ukawa majivu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hapo halikubaki hata tonge.

Serikali iliwapa wakili wa bure. Aliitwa Fenwick na alikuwa na mafua tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Wiki ya tatu Verbena alipokwenda kumwona alimkuta anapenga kamasi, na bila hata kuinua uso akamwambia:

"Ubaya ni kwamba aliulizwa. Asingeulizwa, ningewararua. Dawa ile ina upumbavu wake, hugeuka buluu kwa baruti, lakini hugeuka hivyohivyo kwa mbolea, na kwa shura ya kukaushia nyama. Mumeo angekuwa ameshika kimojawapo, hiyo buluu isingekuwa na maana yoyote. Lakini kijana wa watu aliulizwa kwa heshima zote, akakana."

"Shura?" alisema Verbena.

"Ya nyama, ndiyo. Nyinyi wa kusini mnaijua."

Verbena akavuta kiti, akaketi. Kisha akasema yote, kuanzia vitambaa vya tumboni mpaka mfupa. Alisema alivyotikisa kichwa. Fenwick akaweka leso chini.

"Mbona hamkusema siku ileile?"

"Wewe ungesema?"

Wakili akachukua kalamu. "Iko wapi hiyo nyama?"

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na kanisa."

Akamtazama kuona kama anafanyiwa mzaha. Kisha akamwambia kitu kimoja kinaweza kufaa. Aende kiwandani, akiri, amlete mahakamani mtu wa kiwanda aseme kweli paja liliibwa Jumamosi ile. "Utafukuzwa kazi," akasema. "Na nifukuzwe," akasema Verbena, na siku ileile akaenda.

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, meneja akatikisa mabega. "Hapa tunachinja nguruwe kutwa kucha. Paja moja mimi nitajuaje? Aliyekuona ni mlinzi. Mwite Dolan."

Dolan akaja, kofia mkononi. Kitu cha kwanza alichokitazama ni tumbo la Verbena, na lilikuwa bapa. Uso wake ukajaa huruma.

"Mama, pole. Mtoto vipi?"

"Hakukuwa na mtoto, Bwana Dolan. Ilikuwa nyama."

Mzee hakuelewa. Akaelezwa tena, na meneja akacheka, na makarani wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Dolan akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mke wangu anamfumia soksi," akasema. "Kila jioni. Amemaliza moja."

"Nisamehe, Bwana Dolan. Nakuomba ukaseme tu ulivyoniona nikitoka. Mume wangu..."

"Nitasema nilichokiona," akajibu, na hakumtazama tena.

Verbena akafukuzwa palepale, mwizi wa kukiri mwenyewe, akavuliwa aproni mbele ya wenzake. Walisema hawatamshtaki, wameona ana matatizo ya kutosha. Mwezi huohuo walinzi wakaamriwa kupapasa hata wajawazito. Wanawake wa chumba cha kufungia wakamtemea mate akipita.

Mahakamani Dolan alivaa suti ya kanisani. Mwendesha mashtaka akamwuliza aliona nini Jumamosi ile langoni.

"Niliona mama mjamzito."

"Una hakika haikuwa nyama?"

"Bwana, nimekuwa baba mara saba. Mimba naijua. Nilimwona akianza, nilimwona akikua." Akarekebisha tai. "Kama baadaye alimtoa, hayo ni yake na Mungu wake."

Watu waliguna chumba kizima. Bibi Ludie akainamisha kichwa. Verbena akapandishwa kizimbani, na kila swali lilikuwa fupi.

"Ulimwambia mlinzi huyu una mimba?"

"Sikumwambia. Nilimwacha aamini."

"Sajini ulimwambia mlikuwa mnasali?"

"Ndiyo, bwana."

"Mliposali mlikuwa na nyama mezani?"

Kicheko. "Hatukusali," akasema Verbena.

"Kwa hiyo mimba uongo, sala uongo. Nyama yenyewe haipo, mfupa haupo, na waliokula ni rafiki zako. Na paja hilo unalosema umelibeba tumboni mwenyewe, wewe hukuligusa lilipofika nyumbani, akaligusa mumeo. Wewe uliyezoea kushika nyama kila siku. Waeleze waheshimiwa hawa, kwa nini?"

Verbena alitazama lile baraza la wanaume kumi na wawili waliowekwa kuamua kesi, wazungu watupu, wengine wazee, mmoja ana umri wa baba yake. Angeweza kusema. Lilikuwa jambo la mwili wake, na wao walikuwa wanangoja wakiwa wameinama mbele.

"Mama mkwe alitaka iwe hivyo," akasema.

"Mama mkwe alitaka," alirudia yule bwana, akaketi.

Ostrander naye aliitwa, akasema kweli yote bila kuongeza, kwamba shura hutoa rangi ileile, na kwamba alimwuliza mshtakiwa mara mbili. Hukumu ikawa kifungo cha maisha. Waliona huruma, hawakumpa kiti cha umeme.

Walipomtoa alisimamishwa kidogo ukumbini, na Verbena akamfikia.

"Cleotis. Mimi ndiye niliyetikisa kichwa."

"Nilikuona," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Verbena maisha yake yote. "Siku zote nakutazama wewe kwanza, Vee. Unajua." Akataka kumshika uso, lakini mikono ilikuwa imefungwa pamoja, ikaishia njiani.

Ostrander alipita nyuma yao na sanduku lake. Akavua kofia. "Bibi Tolliver, nasikitika sana. Ndiyo maana sisi huuliza." Akaivaa tena, akashuka ngazi.

Verbena na mama mkwe walifika nyumbani jua likiwa bado dirishani. Moto wa jengo ulikuwa umewashwa tena na mkusanya kodi mpya, na bomba lilikuwa linatiririka. Bibi Ludie akakaa kitandani na koti lake.

"Ungewaambia," akasema.

"Niwaambie nini, mama?"

"Kwamba ulikuwa mwezini. Kwamba mimi nilikukataza."

"Ungeweza kusema wewe. Walikuita."

"Mbele ya wanaume wale?" Bibi Ludie akavua kiatu kimoja, akashindwa na cha pili. Verbena akapiga magoti akamfungulia. "Mama yangu alinifundisha hivyo. Miaka yote nyama yetu haikuoza hata mara moja." Akageukia ukutani. "Hata hii haikuoza." Baada ya muda pumzi yake ikawa ndefu.

Verbena akalifungua kabati. Kopo la shura lilikuwa nyuma ya unga, hakuna aliyejishughulisha kulichukua. Akamimina kiganjani, akasugua mkono kwa mkono, viganja, vidole, mpaka kwenye kifundo, kama alivyomwona mumewe akifanya yeye akiwa dirishani. Akailamba kidogo. Ilikuwa baridi ulimini. Kisha akalala chali upande wa Cleotis, bila kuvua nguo, mikono ameiweka wazi juu ya blanketi, viganja juu, kama anayengoja mtu aje na nta. Chini ya ngazi mtu alikuwa anapiga mluzi. Mwanga wa jua ukaondoka kwenye viganja vyake, ukahamia ukutani, na kabla haujazimika usingizi ukamchukua.